Mradi wa haidrojeni Lubumbashi umekataliwa mara mbili: uandikwe vipi upya?

Swali: Jambo, Profesa. Sisi ni maasistanti watatu wa politekniki hapa Lubumbashi. Tuliandika mradi wa dola 800,000: kutengeneza haidrojeni kwa umeme wa mabwawa ya Katanga, kujenga kituo kidogo cha kujazia, na kuendesha basi moja la seli za mafuta (vifaa vinavyogeuza haidrojeni kuwa umeme) kati ya komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, na katikati ya mji. Umekataliwa mara mbili, na kila mara majibu yalikuwa sentensi mbili tatu tu. Fedha za utafiti wa haidrojeni mtu wa Lubumbashi anazipata wapi? Tuombe kiasi gani? Na kobalti yetu haiwezi kutubeba?

Jibu: Ndugu zangu, kilichowaangusha ni basi. Msomaji wa andiko lenu, kabla hajafika ukurasa wa tatu, alishika kalamu akapiga hesabu. Basi la mjini la seli za mafuta hula kilo 8 hadi 10 za haidrojeni kwa kilomita 100. Likitembea kilomita 200 kwa siku, ni kilo 18 hivi. Kila kilo, ukihesabu elektrolaiza (mtambo unaopasua maji kwa umeme ili kupata haidrojeni) pamoja na vifaa vyake, inataka kilowati-saa 50 hadi 55. Hapo ni karibu kilowati-saa 1,000 kwa siku, na gesi bado haijashindiliwa hadi baa 350. Basi la betri lingemaliza njia hiyohiyo kwa kilowati-saa 250 hadi 300. Kilo moja ya haidrojeni ina kilowati-saa 33.3 ndani yake, na seli ya mafuta huirudisha nusu tu. Mnatia umeme mara tatu, mnatoa mara moja. Mlimwomba mfadhili alipie hasara hiyo katika mji ambao familia zinapikia makaa kwa sababu ya delestaji, yaani mgao wa umeme.

Anayetaka ushahidi asiende Ulaya. Ng'ambo ya Zambia, mjini Kwekwe nchini Zimbabwe, kiwanda cha Sable Chemicals kilitengeneza amonia kwa haidrojeni ya elektrolisisi tangu miaka ya 1970. Mwaka 2015 mitambo hiyo ya elektrolisisi ilizimwa. Kemia yake haikuwa imeharibika. Umeme ndio uliokuwa haba na ghali.

Kwa hiyo wekeni basi kando, na kituo cha kujazia pia. Mradi wa maonyesho huombwa na nchi yenye umeme wa ziada au na kampuni yenye mfuko wake. Maabara ya chuo huomba fedha za kujibu swali moja ambalo mahali pengine halijibiki vizuri. Nanyi mnalo, liko ukutani kwenye soketi yenu.

Elektrolaiza nyingi zilibuniwa zifanye kazi mfululizo. Ulaya sasa inahangaika kuziendesha kwa upepo na jua, umeme unaopanda na kushuka, na uchakavu unaoletwa na kuwasha na kuzima ni mada inayolipiwa. Kukatika kwa umeme kwenu ni kukali kuliko wingu linalopita juu ya paneli, tena hakutangulizi taarifa. Nunueni kirekodi cha volti cha dola mia chache, kifungeni kwenye jengo la fakulte, kiandike volti na masafa kila sekunde kwa miezi mitatu. Mtajua mikatiko ni mingapi kwa wiki, mfupi kabisa ni wa sekunde ngapi, mrefu ni wa saa ngapi, na umeme ukirudi volti huruka mpaka wapi. Grafu hiyo moja ina uzito kuliko kurasa kumi za utangulizi juu ya mabadiliko ya tabianchi. Hiyo ndiyo itakuwa ratiba ya jaribio lenu: elektrodi (vipande vya metali vinavyoingiza umeme ndani ya maji) zitawashwa na kuzimwa sawasawa na soketi ya Lubumbashi, na si kwa mzunguko wa kubuni mezani.

Kinachoharibika ni nini hasa? Chagueni elektrolaiza ya alkali, yenye asilimia 25 hadi 30 ya haidroksidi ya potasiamu, nyuzijoto 70 hadi 90, elektrodi za nikeli. Haitaki platini wala iridi. Umeme ukikatika ghafla katika mtambo wenye seli nyingi zilizopangwa pamoja, elektrodi zinabaki na chaji, na kwa kuwa seli zote zinachangia mabomba ya elektroliti (maji yenye haidroksidi hiyo), mkondo unageuka na kupita kinyume. Nikeli ya upande wa haidrojeni inaoksidishwa, umeme ukirudi inapunguzwa tena, na tabaka la kichocheo, kinachoharakisha kemia, linapasuka na kubanduka kidogo kidogo. Katika seli moja ya maabara jambo hili halitokei lenyewe, maana hakuna mabomba ya pamoja. Watu wengi hulisahau, wakapima mizunguko elfu moja na kutangaza kwamba elektrodi yao haichakai. Mwigizeni mkondo huo kwa kuunganisha elektrodi mbili kupitia rezista kila mnapozima, na mwandike thamani ya rezista katika ripoti.

Kuna na tatizo la mzigo mdogo. Mkondo ukishuka, oksijeni inayotengenezwa hupungua, lakini haidrojeni inayopenya kiwambo kinachotenganisha gesi mbili inabaki karibu ileile, hivyo uwiano wake ndani ya oksijeni unapanda. Mitambo kwa kawaida hujizima ikifika asilimia 2, nusu ya kiwango cha chini cha kulipuka. Hicho pia ni kipimo mnachoweza kukipata kwa vifaa vya wastani.

Sasa kobalti. Hapa nitawakatisha tamaa kwanza. Msiandike kwamba haidrojeni itafungua soko jipya la kobalti ya Katanga. Anodi (elektrodi ya upande wa oksijeni) iliyopakwa kichocheo miligramu 2 kwa sentimita mraba, ikifanya kazi kwa ampea 0.4 na volti 1.9, inatumia wati 0.76 kwa kila sentimita mraba. Megawati moja inahitaji eneo la sentimita mraba milioni 1.3, yaani kilo 2.6 za kichocheo. Gigawati 100 nzima hazifiki tani 300, na nchi yetu peke yake huchimba zaidi ya sehemu 7 katika 10 za kobalti ya dunia. Mkadiriaji wa andiko lenu akiipiga hesabu hii kabla yenu, mmekwisha.

Hoja yenye nguvu iko kwingine. Kobalti yetu nyingi hutoka nchini kama haidroksidi, yenye takriban asilimia 25 hadi 35 ya kobalti, pamoja na magnesi, manganizi na mabaki ya shaba, zinki na chuma. Vichocheo vinavyoelezwa katika majarida hutengenezwa kwa nitrati safi ya dukani. Ulizeni: tukianza na haidroksidi ya hapa, tuisafishe mpaka wapi ndipo anodi ya oksidi ya nikeli na kobalti ifanye kazi sawa na ile ya nitrati safi? Magnesi ikibaki, ina madhara? Manganizi je? Chuma huenda kikasaidia. Swali hilo linaelezeka kwa mstari mmoja, sampuli ziko kilomita chache kutoka maabara, na mkemia wa Liège au wa Cape Town hawezi kulifanya bila ninyi. Tena linasikika nyakati hizi: Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti, na Oktoba ikaweka viwango, kwa hiyo kila ofisi inatafuta mtu wa kuzungumzia usindikaji wa ndani. UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, nayo ilizindua kituo cha umahiri cha utafiti wa betri mwaka 2022. Tanuri, mizani na vifaa vya kuchambua metali vya kituo cha betri ndivyo hivyohivyo mnavyovihitaji. Ombeni barua ya kuvitumia, muiambatanishe.

Mkadiriaji mjuzi atatafuta mitego michache katika sehemu ya mbinu. Chuma ndicho mtego mkubwa. Haidroksidi ya potasiamu ya kawaida ina chuma kidogo sana, lakini hicho kidogo kinaingia katika nikeli na kuipandisha utendaji wake wa kutoa oksijeni kwa kiasi cha kushangaza. Mnaweza kusifu kobalti kumbe kazi imefanywa na uchafu wa chupa. Safisheni elektroliti kwa kuichanganya na haidroksidi ya nikeli safi, ambayo hunasa chuma, muiache itulie, mchukue maji ya juu; halafu pimeni mara mbili, kwenye iliyosafishwa na isiyosafishwa. Chombo kiwe cha teflon au polipropileni, kwa kuwa alkali kali hula kioo na kutoa silika na chuma. Mkipima upande wa haidrojeni msitumie waya wa platini kama elektrodi ya pili: platini huyeyuka kidogo, ikahamia kwenye sampuli yenu, na ghafla nikeli ya bei rahisi inafanana na platini. Tumieni grafiti. Elektrodi ya rejea iwe ya zebaki na oksidi ya zebaki, inayostahimili alkali. Na upinzani wa elektroliti upimwe kwa impidansi (kipimo cha mkondo unaogeukageuka) kisha uondolewe katika hesabu, mkieleza mmeuondoa kwa asilimia ngapi.

Kama mnataka kabisa seli ya mafuta ndani ya mradi, iwe moja, ya utando unaopitisha protoni, sentimita mraba 5 au 25, na swali lake liwe mwinuko. Lubumbashi iko mita 1,200 na ushee juu ya bahari. Kanieneo ya hewa ni kilopaskali 87 au 88 badala ya 101. Mtu atasema oksijeni imepungua asilimia 13 tu. Ndani ya seli mambo ni mabaya zaidi. Kwenye nyuzijoto 80, hewa iliyoshiba unyevu ina kilopaskali 47 za mvuke, na mvuke haujali mwinuko. Usawa wa bahari hewa kavu inabaki na kilopaskali 54. Kwenu inabaki 40. Oksijeni imeshuka kwa robo nzima. Kwa mkondo mdogo hamtaona tofauti kubwa, millivolti chache. Kwa mkondo mkubwa seli itakosa pumzi mapema. Data za watengenezaji ni za usawa wa bahari, kwa hiyo jedwali la utendaji wa mita 1,200 lina wateja, hasa migodini, ambako magari makubwa ya haidrojeni yanajaribiwa. Lile la Anglo American lilizinduliwa Mogalakwena, Afrika Kusini, Mei 2022.

Gesi ya jaribio hilo haihitaji mitungi. Kila ampea hula mililita 7 za haidrojeni kwa dakika. Seli ya sentimita mraba 25 kwa ampea 25, ukitia ziada ya nusu, inataka mililita 260 kwa dakika. Jenereta ndogo ya haidrojeni, ile inayotumiwa na maabara za kromatografia, hutoa 300 hadi 500, safi kuliko asilimia 99.99. Usafi una maana: kiwango cha kimataifa cha haidrojeni ya magari kinaruhusu monoksidi ya kaboni sehemu 0.2 tu katika milioni, kwa sababu hung'ang'ania platini.

Jenereta ina faida nyingine ambayo lazima iandikwe katika sehemu ya usalama. Mtungi wa lita 50 kwa baa 200 unabeba karibu lita 9,000 za gesi. Ukivuja wote katika chumba cha mita za ujazo 40, hewa inakuwa na karibu sehemu moja kwa tano ya haidrojeni, katikati kabisa ya eneo la kulipuka, ambalo ni asilimia 4 hadi 75, na cheche ya kuwasha ni ndogo kuliko ile ya sweta. Jenereta ya mililita 500 kwa dakika, katika chumba hichohicho kilichozibwa kabisa, ingehitaji saa 13 kufikia asilimia 1. Wekeni kihisio dari juu, si kwenye usawa wa meza, kipige kelele kwa asilimia 0.4 na kikate umeme wa jenereta kwa asilimia 1. Valvu ya haidrojeni iwe ya kujifunga umeme ukikatika, na ya nitrojeni, gesi ya kusafishia seli, iwe ya kujifungua. Bila hivyo, hewa inaingia taratibu upande wa haidrojeni. Mkiwasha tena, upande wa oksijeni unapanda hadi karibu volti 1.5 na kaboni inayobeba platini inaungua. Mtadhani utando ni mbovu.

Maji nayo. Ya visima vya Lubumbashi yamepita kwenye miamba ya chokaa. Kalsiamu na magnesi zake hukaa katika utando mahali pa protoni na hazitoki. Jenereta na seli zinataka maji yenye upitishaji chini ya mikrosimensi 1 kwa sentimita. Chujio la osmosi likifuatiwa na katriji za kubadilisha ioni linatosha, lakini katriji huisha, na maji yenu magumu yatazimaliza haraka kuliko kitabu cha mtengenezaji kinavyosema. Wekeni za miaka yote ya mradi.

Kiasi, basi. Kwa miezi 24, mradi wa dola 55,000 hivi unaeleweka. Makadirio yangu, ambayo mtayasahihisha kwa proforma (ankara za makadirio) tatu za kila kifaa: potensiostati (kifaa cha kuongoza volti na kupima mkondo wa seli) inayopima na impidansi 14,000, jenereta ya haidrojeni 7,000, vyombo vya seli na mzigo wa kielektroniki 4,000, betri na inveta 5,000, usalama 4,000, maji 2,000, kemikali, nyavu za nikeli, utando na vitu vyote vinavyoisha 7,000, usafirishaji, forodha na ukaguzi wa OCC (ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa) 6,000, uchambuzi wa sampuli nje 4,000, akiba 2,000. Maandiko mengi ya kwetu huweka robo tatu ya fedha kwenye mashine, na mwaka wa pili mashine inafunikwa kitambaa kwa kukosa katriji ya dola 80. Betri hesabuni hivi: vifaa vyote ni wati 500 hivi, na betri ya lithiamu ya volti 48 na ampea-saa 100 ina kilowati-saa 4.8, kwa hiyo saa 8 kwa kubana. Inalinda potensiostati na kompyuta. Seli yenyewe inakatwa makusudi kwa ratiba yenu.

Wapi pa kuomba. Anzeni na TWAS ya Trieste, akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea, inayotoa ruzuku ndogo za vifaa na kemikali kwa nchi zilizoachwa nyuma kisayansi, yetu ikiwamo. Inafadhili sayansi za msingi, kwa hiyo andikeni kama kemia; na kiongozi awe na doktora, maana yake profesa wenu ndiye atakayetia sahihi. Ubelgiji kuna ARES ya vyuo vya Kifaransa na VLIR-UOS ya vyuo vya Kiflemi, zinazofadhili ushirikiano wa vyuo. Zote zinavijua vyuo vya Kongo, lakini mlango unafunguliwa na profesa wa chuo cha huko. Mwandikieni kwanza, barua ya ukurasa mmoja pamoja na grafu ya soketi. Afrika Kusini ina mpango wa utafiti wa haidrojeni uitwao HySA tangu 2008, uliobuniwa kwa hoja ya kuongezea thamani platini yao. Vituo vyake viko kwenye vyuo vikuu vya Cape Town, Western Cape na North-West, pamoja na taasisi za Mintek na CSIR. Wana vifaa ambavyo hamna haja ya kuvinunua. Fedha za Ujerumani za masomo ya haidrojeni hupitia vituo vya kikanda vya utafiti wa tabianchi, WASCAL kwa Afrika Magharibi na SASSCAL kwa kusini. Kongo ni ya SADC lakini si ya SASSCAL, yenye nchi tano tu, basi someni orodha ya nchi kabla ya fomu.

Kubwa kuliko zote ni Clean Hydrogen Partnership ya Brussels, ushirika wa kufadhili utafiti wa haidrojeni, yenye euro bilioni 1 za Umoja wa Ulaya kwa 2021 hadi 2027. Kongo imo katika orodha ya nchi zinazostahili kulipwa moja kwa moja chini ya Horizon Europe, mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya. Msiongoze, ingieni kama mshirika wa kundi ambalo tayari lina taasisi tatu za nchi tatu za Ulaya au zilizoungana nayo. Chuo kinahitaji namba ya PIC, namba ya kuitambulisha taasisi yenye tarakimu tisa, ambayo huenda rektora inayo tayari. Ulizeni kabla ya kufungua nyingine. Gharama za uendeshaji hulipwa asilimia 25 juu ya gharama za moja kwa moja, na rektora apewe barua inayosema zitagawanywaje, kabla fedha hazijafika. Na kuna mtego wa vifaa: kwa kawaida mnalipwa uchakavu tu. Mashine ya miaka 5 ikinunuliwa mwezi wa 24 wa mradi wa miezi 36, mtarudishiwa asilimia 20 ya bei. Nunueni mwezi wa kwanza, au kifaa kilipiwe na ruzuku ndogo na Brussels ilipie watu.

Kampuni za migodi mtaziendea, najua. Ile asilimia 0.3 ya mauzo iliyowekwa na sheria ya madini ya 2018 ni ya miradi ya jamii zilizo kando ya mgodi. Kuiombea maabara ni kutafuta ugomvi na vijiji. Waombeni sampuli za haidroksidi, kilo 2 kutoka mizigo tofauti, pamoja na karatasi ya uchambuzi wake na ruhusa ya kuchapisha. Ruhusa iwe kwa maandishi, na muipate kabla ya kupima.

Haidroksidi ya potasiamu huhesabiwa kuwa mzigo hatari wa daraja la 8, kwa hiyo isipakiwe sanduku moja na potensiostati: sanduku zima litakaa mpakani Kasumbalesa likisubiri karatasi ya kemikali. Ombi la msamaha wa ushuru lipelekwe DGDA, idara ya forodha, kabla mzigo haujaondoka kwa muuzaji, jina la chuo kwenye ankara likiwa sawasawa, herufi kwa herufi, na lile lililo kwenye ombi.